CV sio ekseli, na hiyo "kasi isiyobadilika" sio kasi ya gari

Juzi tena nimesikia mtu, tena dereva mzuri tu anayejua kuzungusha gari kwenye koni, anasema "CV yangu imekatika," nikainama chini ya gari kuangalia, nikakuta mpira unaofunika jointi umepasuka na grisi imetapakaa kwenye rimu kwa ndani. Hakuna kilichokatika. Saa hiyohiyo mwenzake pembeni akaanza kumweleza kijana mgeni kwamba CV ndo inafanya matairi mawili ya mbele yazunguke kwa kasi moja, na yule kijana anaitikia kwa kichwa. Hapo nikasema basi, leo naandika.

Jointi ya CV ni kiungo kinachopitisha mzunguko kutoka shafti moja, yaani fimbo inayozunguka, kwenda nyingine hata kama shafti hizo zimepinda pembe, na shafti ya pili inazunguka kwa kasi ileile ya shafti ya kwanza kila wakati. Maana yenyewe ni hiyo tu, haina zaidi.

Shida inaanzia kwenye jina. Herufi C na V zimetoka kwenye Kiingereza, constant velocity, maneno mawili yenye maana ya kasi isiyobadilika, na ukiyatafsiri hivyo moja kwa moja msikilizaji lazima apotee, maana anajiuliza kasi gani isiyobadilika wakati gari linatoka sifuri linapanda spidi linafunga breki linatoka tena? Ni swali la haki kabisa. Jina halijataja kitu cha muhimu kuliko vyote, yaani isiyobadilika ukilinganisha na nini. Wafaransa walijitahidi zaidi, wao wanaiita joint homocinétique, na hilo neno limejengwa kwa Kigiriki, homos maana yake sawa, kinesis maana yake mwendo, kwa hiyo ni kiungo cha mwendo sawa. Wajerumani nao wanasema Gleichlaufgelenk, kiungo cha kwenda sawa. Sisi tungeita jointi ya kasi linganifu tungekuwa tumemaliza nusu ya ubishi, kwa sababu neno linganifu linakulazimisha kuuliza vitu viwili vinavyolinganishwa ni vipi, na jibu ni shafti inayoingia na shafti inayotoka. Sio tairi la kulia na la kushoto, wala sio gari na barabara.

Sasa mtu atauliza, kwani kuna kiungo ambacho kasi hailingani? Kipo, na ndo sababu ya hili jina kuwepo. Ile jointi ya msalaba unayoiona kwenye propela za malori na pikapu, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ni ya zamani sana, jina la Gerolamo Cardano wa karne ya 16 limeambatana nayo, na Robert Hooke aliichunguza kwa makini karne ya 17. Ina tabia moja ya kuudhi. Ukiipinda, shafti ya pili haizunguki kwa utulivu, inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Ikipinda nyuzi 30, huku unaingiza mizunguko 1000 kwa dakika bila kutikisika, kule inatoka kasi inayopanda mpaka kama 1155 na kushuka mpaka kama 866, alafu inapanda tena, inashuka tena, na bado hujamaliza hata mzunguko mmoja. Kwenye propela wanaweka jointi mbili zilizopangwa vizuri ili ya pili ifute kosa la ya kwanza, na inakubali maana pembe ni ndogo. Lakini tairi la mbele ambalo linasukuma na hapohapo linakata kona, pembe inabadilika kila ukigusa usukani, huo ujanja hauwezekani, na ukilazimisha msalaba mmoja pale utasikia usukani unapigapiga mkononi kila kona.

Hapo ndo anaingia Alfred Rzeppa, mwaka 1926, na jointi ya gololi sita. Gololi zinakaa kwenye mifereji iliyopinda, nusu kwenye kikombe cha nje na nusu kwenye kipande cha ndani, na katikati kuna keji inayozishika. Siri yote iko kwenye keji na mifereji, zinazilazimisha gololi zikae muda wote kwenye bapa linalogawa pembe katikati, yaani shafti zikipinda nyuzi 40 gololi zinajipanga kwenye 20. Kwa kuwa kila upande unaziona gololi kutoka pembe ileile, hakuna upande unaoweza kumtangulia mwenzake, na ndo kasi linganifu yenyewe. Miaka hiyohiyo Ufaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille nao walikuwa wanatengeneza magari ya Tracta yenye jointi yao isiyo na gololi, ilifanya kazi vizuri tu, ila ya gololi ndo iliyokuja kushinda. Mini ilipotoka mwaka 1959 ikiwa na jointi za ukoo wa Rzeppa kwenye matairi ya mbele, magari madogo ya kusukumwa na matairi ya mbele yakafunguka njia.

Kuhusu matairi mawili kuzunguka kwa kasi moja, hiyo CV haihusiki kabisa, na kwenye kona hata hutaki itokee, maana tairi la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kazi ya kuyaachia kasi tofauti ni ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili. CV inapokea ilichopewa na difu inakifikisha tairini kama kilivyo.

Tuje kwenye ekseli, jina ambalo wengi wanaipa shafti yenye hizi jointi, hapa naomba subira kidogo. Ekseli kwa asili ni ule mti au chuma kinachopita katikati ya magurudumu na kubeba uzito, kama cha mkokoteni. Kwa Kiswahili chetu tukisema lori la ekseli tatu tunahesabu safu za matairi, tuko kwenye maana hiyohiyo ya kubeba mzigo. Ile fimbo inayotoka giaboksi kwenda tairi la mbele haibebi uzito wa gari, uzito uko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na beringi, yenyewe inasokota tu. Kwa hiyo ni shafti. Na shafti moja ina jointi mbili: ya nje karibu na tairi, mara nyingi ni hiyo ya Rzeppa, inapinda sana lakini haiendi mbele wala nyuma, na ya ndani karibu na giaboksi, mara nyingi ya miguu mitatu yenye rola, inapinda kidogo ila inateleza ndani na nje ili springi zikipanda na kushuka shafti isikose urefu. Mtu akisema "ekseli imekufa" sijui anazungumzia fimbo, jointi ya nje, ya ndani, au mpira, na hivyo vitu vinne vina dawa nne tofauti.

Kwenye autokrosi, zile mbio za kupita kati ya koni, hii tofauti inauma kuliko barabarani. Unaanza ukiwa umesimama, unakanyaga mafuta, matairi yananata, alafu baada ya sekunde chache usukani uko karibu na mwisho na wewe bado unasukuma, jointi ya nje iko kwenye pembe yake kubwa na nguvu yote inapita kwenye gololi chache. Ikianza kuchoka itakuambia tak-tak-tak ukikata kona huku umekanyaga, na ukiachia mafuta sauti inapungua. Ya ndani inalia kivyake, unaweza kusikia kishindo kimoja ukiachia na kukanyaga tena, au gari linatetema ukiharakisha kwenye mnyoofu alafu linatulia ukitoa mguu. Sijasema kila mlio ni CV, beringi nayo huvuma, lakini beringi hufuata spidi ya gari na haijali sana mguu wako uko wapi.

Matunzo yenyewe sio makubwa, na karibu yote yanahusu mpira. Jointi yenye grisi safi na mpira mzima inavumilia mengi, mpira ukipasuka grisi inarushwa nje na mchanga unaingia, na mchanga na gololi hawakai nyumba moja. Kila baada ya siku ya mbio zungusha usukani mpaka mwisho, pitisha tochi na kidole kwenye mikunjo ya mpira, angalia bendi zake, angalia rimu kwa ndani kama kuna michirizi ya grisi. Ukiiwahi kabla haijaanza kulia unafungua, unasafisha mpaka chuma kinang'aa, unaweka mpira mpya na grisi iliyotajwa na mtengenezaji, mara nyingi ya nje inataka yenye molibdeni, ya ndani inaweza kutaka aina nyingine, usichanganye. Ikishaanza kulia grisi mpya haitarudisha chuma kilicholika. Kama umelishusha gari likae chini zaidi, kumbuka jointi za ndani nazo zimebadilishiwa pembe ya kukaa, zichunguze mapema. Na ukitoa shafti usiivute kwa kushika fimbo, utaichomoa jointi ya ndani humohumo ndani ya mpira wake, ing'oe kwa kuisukuma pale inapoingia giaboksi. Nati ya habu, ile ya kukunjwa ukingo isilegee, weka mpya, ifunge kwa spana ya toki inayopima nguvu ya kukazia, na usiliteremshe gari likakanyaga tairi hilo kabla nati haijakaza.

Yule ndugu wa mpira nilimwambia taratibu tu, fundi ukimpigia usimwambie CV imekatika, atakuja na shafti nzima na utalipia shafti nzima, mwambie mpira wa jointi ya nje upande wa kulia umepasuka na bado hailii.