Mimba ilitunga kwenye kovu la upasuaji: je, nitazaa tena?

Nimetibiwa mimba iliyojishikiza kwenye kovu la oparesheni ya uzazi. Uwezo wa kuzaa bado ninao?

Unao, ilimradi kizazi hakikuondolewa. Tatizo lilikuwa kwenye ukuta wa kizazi, pale mshono wa zamani ulipopita. Wengi waliotibiwa mapema wamebeba mimba tena na kupata watoto wazima.

Nisubiri muda gani?

Kwanza vipimo vya damu vionyeshe kwamba homoni ya mimba imeisha kabisa. Hilo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kama ulichomwa sindano ya methotreksati, dawa ya kusimamisha mimba iliyotunga pabaya, usishike mimba kwa angalau miezi 3, kwa kuwa dawa hiyo hudhuru kiumbe kichanga. Muulize daktari lini uanze vidonge vya foliki. Kovu nalo linahitaji kupona, na madaktari wengi hushauri mwaka 1 hadi 2. Kwa kipindi hicho tumia uzazi wa mpango: vijiti, vidonge au kondomu.

Najua nyumbani mawifi na mama mkwe wanahesabu miezi. Ingia na mumeo kwa daktari, asikie mwenyewe, awajibu ndugu zake.

Inaweza kutunga palepale tena?

Inaweza, na hapa ndipo ninapokuomba dada yangu usikilize kwa makini. Makadirio ya tafiti yanapishana sana, kuanzia wanawake 5 hadi 40 kati ya 100. Wengine hawaoni damu wala maumivu mwanzoni. Kwetu Dar mimba changa huwa siri mpaka miezi mitatu ipite. Wafiche majirani ukitaka, lakini daktari ajue mapema. Hedhi ikichelewa, pima mkojo. Ukikuta mimba, fanya ultrasaundi ya kupitia ukeni wiki ya 6 au 7, iwe hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au kwingine penye mtaalamu. Kabla hajaanza kupima, mweleze historia yako ili atazame kovu. Hudhurio la kwanza la kliniki kabla ya wiki 12 linatosha kwa wengine. Kwako ni kuchelewa.

Mimba ikikaa mahali pake, nitajifungua kawaida?

Jiandae kwa upasuaji uliopangwa kabla uchungu haujaanza, kwani kovu linaweza kuchanika. Miezi ikisonga, ultrasaundi irudiwe kuangalia kama kondo la nyuma limezama kwenye kovu. Likiwa limezama, jifungulie hospitali kubwa kama Muhimbili, yenye madaktari bingwa na akiba ya damu. Ukitokwa damu, ukazimia au tumbo likikukata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.