Wanafunzi wa rangi zote chuoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mjadala kuhusu rangi katika vyuo vikuu vya Marekani huishia langoni: nani aingie, nani aachwe. Kwangu mimi uzito uko ndani, mwanafunzi akishapata nafasi, na dhana potofu zinazoumiza zaidi ziko hukohuko.

Dhana: Vyuo huwatengea watu weusi nafasi zao.
Hilo lilikatazwa zamani. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, Mahakama ya Juu iliukataa utaratibu wa chuo cha udaktari cha Davis, California, wa kutenga nafasi 16 kati ya 100 kwa jamii za wachache. Ikabaki ruhusa ya kuitazama rangi kama jambo moja kati ya mengi, na hiyo nayo ikaondolewa Juni 2023 katika kesi za vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina.

Dhana: Basi tangu 2023 vyuo vimefungwa mikono.
Hapana. Hukumu hiyohiyo inamruhusu mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Texas nayo, tangu 1997, ina sheria inayowapa wanafunzi bora wa kila sekondari nafasi katika vyuo vya serikali bila kuuliza rangi. Tena kesi zile zilihusu udahili. Jinsi mhadhiri anavyopanga vikundi vya mazoezi halikuwa suala lililoamuliwa.

Dhana: Wanaofeli hawana ari, au kwao elimu haithaminiwi.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana husemwa hata na watu wenye nia njema. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwalimu wa hisabati Uri Treisman aliona wanafunzi weusi wakianguka kwa wingi katika kalkulasi. Alipowauliza wahadhiri sababu, wakataja ari, maandalizi duni, familia, umaskini. Hakutosheka. Akawafuatilia wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akitazama wanavyosoma siku hadi siku.

Wale weusi alikuta wana bidii, na wengi walitoka katika familia zilizowaandalia njia ya chuo tangu utotoni. Tofauti ilionekana jioni. Wale wenye asili ya China walifanya mazoezi peke yao, kisha wakakutana, wakasahihishana. Swali likiwashinda wote, walijua ni gumu kweli. Mwanafunzi mweusi alitimiza saa alizoambiwa, mlango umefungwa, na akikwama hakuwa na wa kumwambia kama tatizo ni swali au ni yeye.

Treisman hakuwaanzishia masomo ya kuwavuta walio nyuma. Wanafunzi hao, waliokuwa vinara shuleni, walikuwa wakiyakwepa. Aliwaletea warsha za maswali magumu, ya kufanywa kwa vikundi. Waliohudhuria waliwazidi hata wenzao weupe ambao hawakuwamo.

Dhana: Anayeacha chuo kashindwa masomo.
Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kilichunguza majina ya wanaoondolewa kwa kudaiwa ada, kikakuta wengi wana alama nzuri na deni la dola mia chache. Mwaka 2011 kikaanza kuwalipia deni hilo dogo. Pamoja na ushauri wa karibu wa masomo, pengo likazibika: wanafunzi weusi huhitimu kwa kiwango sawa na weupe, au zaidi.

Dhana: Semina ya lazima kuhusu ubaguzi wa rangi inatosha.
Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliochunguza kampuni za Marekani kwa miaka mingi, walikuta semina za kulazimishwa haziongezi mameneja weusi, na mara nyingine huleta kinyongo. Kumpa kijana mlezi wa kazi kulisaidia zaidi. Vyuo vingeanzia hapo.

Dhana: Wanafunzi weusi wakikaa pamoja, wanajitenga.
Meza ya weupe pekee bwaloni haimshtui mtu, ila ya weusi inaitiwa mkutano. Ukaribu huo unaweza kuwa nguvu. Programu ya Meyerhoff, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore (UMBC), ilianza 1988 ikiwalenga vijana weusi wapenda sayansi, na huwataka washiriki wasome pamoja. Mwaka 1996 ikawafungulia mlango wanafunzi wa rangi zote. Haikupoteza nguvu yake: wahitimu wake weusi wanaendelea kupata shahada za uzamivu, na baadhi yao leo ni maprofesa.