Mkono mzito, kalamu nzima

Juzi kijana ninayemfundisha kuchora kwa kalamu ya tableti, kibao kinachounganishwa na kompyuta, alinijia analalamika: "Kaka, kalamu imekufa. Kila mstari unatoka mnene." Nikamwambia achore kichwa cha binti aliyesukwa twende kilioni. Msuko huo haufichi kitu: mstari unaanza mwembamba kwenye paji la uso, unanenepa utosini, unaishia kisogoni kama unywele. Misuko yake ikatoka kama minyoo. Nikautazama mkono: vidole vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Kalamu inapima nguvu unayoikandamizia, nayo kompyuta inaigeuza nguvu hiyo kuwa unene au weusi wa mstari. Katikati yake kuna grafu. Mhimili wa kulala ni nguvu ya mkono, wa kusimama ni wino unaotoka. Grafu ikinyooka kona hadi kona, nusu ya nguvu inatoa nusu ya wino. Ukiivuta ibonyee chini, kalamu inakuwa ngumu, wino haujai mpaka ukandamize kwelikweli; hiyo ndiyo dawa ya mkono mzito. Mwenye mkono mwepesi aitunishe juu.

Tatizo ni kwamba grafu haiko mahali pamoja. Draiva ya Wacom, yaani programu inayoendesha tableti, ina yake; Krita, programu ya kuchorea, ina yake kwenye mipangilio ya tableti; na brashi nyingi za humo nazo zina zao. Nguvu inazipitia zote kwa zamu, kwa hiyo ukikaza kwenye draiva halafu ukaze tena kwenye Krita, mguso mwepesi unapotea kabisa. Mimi hurekebisha draiva tu, kwa sababu inafuata kila programu. Brashi naigusa pale inaposumbua peke yake.

Humo humo kwenye draiva kuna kiwango cha chini cha nguvu kabla kalamu haijaanza kuandika. Kikiwa chini mno, vidoa vinajitokeza ukiegesha kalamu tu. Kikiwa juu mno, mwisho wa mstari unakatika badala ya kuchongoka.

(Zile ngazi 8192 za nguvu zinazotangazwa kwenye boksi la tableti? Kwenye mchoro sijawahi kuona tofauti yake na 4096.)

Tulivuta grafu mara tatu. Mara ya kwanza nilizidisha, misuko ikafutika kabla ya kufika kisogoni. Ya tatu ikachongoka vizuri. Kucha bado nyeupe. Hizo nimempa mwezi mmoja.