London kwa mpenda nguo za zamani: zitazame kwa ndani

Mtu akiniomba ushauri wa kwenda London kutafuta nguo za zamani, humwambia asianzie sokoni. Aanzie ghala la makumbusho, aone nguo zilivyoshonwa, ndipo atoe pesa mfukoni. Kazi yangu ni kukarabati nguo kuukuu: kubadilisha bitana, kurudishia pindo, kuokoa zipu za chuma. Thamani ya nguo naitafuta ndani, mahali ambapo mvaaji hapaoni.

Makumbusho ya Victoria and Albert, maarufu kama V&A, yalianzishwa 1852 na kuingia ni bure. Mei 31, 2025 yalifungua ghala lake kwa umma, V&A East Storehouse, karibu na stesheni ya Hackney Wick mashariki mwa jiji, lenye vitu zaidi ya 250,000. Utaratibu wake sijaona mfano wake: unaingia kwenye tovuti yao, unachagua vitu visivyozidi vitano, unaweka miadi angalau wiki mbili kabla, na siku ikifika unaandaliwa uvitazame kwa karibu. Hulipi chochote. Gauni lililofungiwa kwenye kabati la kioo hukuonyesha sura tu. Hapa unaweza kuinama ukafuatilia mshono mpaka unapoishia.

Ningekuwa wewe, ningeomba nguo za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Juni 1, 1941 serikali ya Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi. Mwaka wa kwanza kila mtu alipata kuponi 66. Gauni la sufu lilikula 11, na suti ya mwanamume yenye koti, kizibao na suruali ilikula 26. Mwaka huohuo zikaja nguo za bei iliyodhibitiwa, zenye lebo ya CC41, herufi C mbili zilizochongwa kama vipande vya jibini na namba 41 ubavuni. Mwaka 1942 masharti yakazidi: mifuko, vifungo na marinda vikawekewa kikomo, na suruali za kiume zikakatazwa kukunjwa pindo kwa nje. Wabunifu wakubwa, akiwemo Norman Hartnell na Hardy Amies, waliitwa kubuni mavazi ndani ya masharti hayo, na V&A ikahifadhi mifano yake.

Mimi nguo hizo nazihusudu kuliko magauni ya dansi yanayojaza picha za mitandaoni. Fundi aliyenyimwa kitambaa hana pa kujificha. Urembo wote unabaki kwenye mkato. Tazama bega linavyokaa, tazama rinda moja lilivyowekwa mahali pake likafanya kazi ya matano.

Sasa nenda sokoni. Portobello Road inafurika Jumamosi kwa ajili ya vitu vya kale, lakini wa nguo aende Ijumaa, chini ya barabara ya juu ya Westway. Geuza kila nguo ndani nje. Mpango wa CC41 ulikoma 1952, kwa hiyo lebo hiyo pekee inakupa miaka ya nguo. Zipu ya chuma ubavuni huashiria miaka ya 1940 au 1950; zipu ya nailoni ilienea miaka ya 1960. Lakini zipu hubadilishwa, basi chunguza kama kuna matundu ya sindano ya zamani kandokando yake. Kingo zilizokatwa kwa mkasi wa meno, bila ovaloki, na mshono ulioachiwa nafasi ya kutosha kupanua nguo baadaye, ni dalili njema.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna faida. Uingereza husafirisha nguo nyingi zilizovaliwa, na belo nyingi hutua kwetu. Aliyezoea kuchambua mitumba Gikomba au Karume ana vidole vinavyoijua sufu kabla hajasoma lebo.

Ukimaliza Portobello, tenga siku ya Spitalfields na Brick Lane. Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, hasa baada ya 1685, walileta huko ufumaji wa hariri. Anna Maria Garthwaite, aliyechora maua ya hariri katika karne ya 18, aliishi mtaa huo, na mamia ya michoro yake yako V&A. Simama mbele ya msikiti wa Brick Lane: jengo lilijengwa 1743 kama kanisa la Wafaransa hao, likaja kuwa sinagogi 1898, na msikiti 1976. Wayahudi na Wabengali waliosali humo nao waliishi kwa cherehani. Maduka ya mitumba ya mtaa huo nayaona ya kawaida, na bei zake zimepanda.

Kwa vitu vizuri kweli nenda Alfies, soko la vitu vya kale lililo ndani ya jengo, lililopo Church Street, Marylebone, tangu 1976. Wauzaji wanajua mali yao na hupenda mteja anayeuliza maswali. Beba futi ya fundi, usiamini saizi: 14 ya miaka ya 1950 inaweza kumbana anayevaa 10 leo. Pima kifua, kiuno na mgongo, kisha uliza kwa adabu bei ya mwisho. Sufu uliyonunua, ukifika nyumbani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiache kwenye friza wiki mbili, mayai ya nondo yafe kabla hujaichanganya na nguo nyingine.