Nikishajenga Nitatulia: Dhana Potofu Kuhusu Furaha ya Kila Siku

"Nikishajenga nitatulia." Nimeyasikia maneno haya kwenye daladala, jikoni, msibani, hata kwa watu waliokwisha kujenga ambao sasa wanasubiri kumaliza uzio. Wengine husema nikishaolewa, nikishapata ajira, mtoto akishamaliza chuo. Nami nimesema hivyo kwa miaka. Nyuma ya maneno hayo kuna mambo mengi tunayoyaamini kuhusu furaha, na baadhi yake yanatuibia siku zetu tukiwa macho.

Dhana: Furaha itakuja jambo kubwa likitimia

Jambo kubwa hufurahisha kweli, lakini moyo una tabia ya kuzoea. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu watu 22 wa jimbo la Illinois, Marekani, walioshinda bahati nasibu. Waliwalinganisha na watu wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda kitu. Walipoulizwa wana furaha kiasi gani, washindi hawakuwazidi wenzao kwa tofauti ya maana. Kilichonigusa zaidi ni jibu jingine: kuzungumza na rafiki, kupata kifungua kinywa, kusikia kichekesho, mambo hayo ya kawaida washindi waliyafurahia kidogo kuliko wale ambao hawakushinda. Chai ya asubuhi ilikuwa imepoteza utamu.

Utafiti huohuo umezaa dhana potofu nyingine. Hukaririwa kwamba watu 29 waliopooza kwa ajali, ambao nao walihojiwa, walirudia furaha yao ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Sivyo. Walijitaja kuwa na furaha pungufu kuliko watu ambao hawakupata ajali, ingawa si pungufu kama wengi wangedhani. Yapo majeraha ambayo moyo hauyazoei upesi. Nchini Ujerumani, watafiti waliofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi waliona kwamba waliopoteza kazi, kwa wastani, hawakurudi kuridhika na maisha kama awali hata baada ya kupata kazi nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "utazoea tu" siku umeachishwa kazi, anakuonea.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa washindi wa bahati nasibu, safari hii wa Uswidi. Walioshinda fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao kwa jumla, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Ila furaha yao haikupanda kwa kiasi hicho. Hapo ndipo yanapotengana mambo mawili tunayoyachanganya: namna mtu anavyoyapima maisha yake akikaa kuyatafakari, na namna saa zake zinavyokwenda. Nyumba yako mwenyewe inakuondolea mtu wa kukupandishia kodi, na huo ni unafuu mkubwa. Lakini Jumanne asubuhi ndani ya nyumba hiyo ni Jumanne asubuhi: una mtu wa kunywa naye chai, au huna.

Dhana: Pesa haileti furaha

Maneno haya hupendwa sana na walioshiba. Wahenga waliosema pesa ni sabuni ya roho hawakuwa wajinga, na wapo waliopima jambo hili karibu yetu kabisa. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa familia maskini fedha taslimu kwa M-Pesa bila masharti yoyote. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizilinganisha na familia ambazo hazikupewa, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo. Waliopewa walikuwa na furaha zaidi, waliridhika zaidi na maisha, na msongo wao wa mawazo ulipungua. Walikula vizuri zaidi na kuongeza mali, ikiwemo mifugo. Matumizi ya pombe na sigara, ambayo wengi wangebashiri, hayakuongezeka.

Haihitaji profesa kuona kwa nini. Mzazi aliyekwisha lipa ada analala usingizi tofauti. Mtu ambaye paa lake halivuji haamki usiku wa manane kusogeza kitanda. Pesa kwa maskini huondoa hofu, na hofu ikipungua siku hupata nafasi ya mambo mengine.

Ninachokubali ni kwamba matumizi yana uzito wake. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake waliwapa watu dola 5 au 20 asubuhi, wakawaagiza wazitumie kabla ya jioni: wengine kwa mahitaji yao wenyewe, wengine kwa kumnunulia mtu kitu au kutoa sadaka. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na hapakuwa na tofauti kati ya aliyetumia 5 na aliyetumia 20. Anayemnunulia jirani maandazi mawili na kumpelekea kwa mkono wake anajua jambo hili bila kusoma.

Dhana: Ripoti ya dunia imeshathibitisha kwamba sisi hatuna furaha

Kila inapokaribia tarehe 20 Machi, Siku ya Kimataifa ya Furaha, Ripoti ya Furaha Duniani hutoka na orodha yake ya nchi, na ubishi huanza. Mwaka 2018 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 156, Burundi ikawa ya mwisho, na Ufini ikashika nafasi ya kwanza. Wapo waliokasirika, wakasema wazungu hawajatuona kwenye harusi. Wapo walioinamisha kichwa, wakakubali kwamba basi sisi ni watu wa huzuni.

Wote wangetulia kidogo kama wangelijua swali lenyewe. Mtu huambiwa afikirie ngazi: chini kabisa ni sifuri, maisha mabaya kuliko yote anayoweza kuyapata, juu ni 10, maisha bora kuliko yote. Anaulizwa, wewe sasa hivi umesimama daraja la ngapi? Nchi hupangwa kwa wastani wa majibu hayo. Hakuna anayekuwa ameulizwa, katika kupanga orodha hiyo, kama jana alicheka.

Swali la kicheko lipo, lakini huwekwa kando. Shirika la Gallup, linalokusanya maoni ya watu duniani, huwauliza watu kama jana walicheka au kutabasamu sana, kama walitendewa kwa heshima, kama walipumzika vya kutosha. Kwa maswali hayo, nchi za Amerika ya Kusini kama Paraguay zimewahi kuongoza dunia, mbele ya nchi tajiri zaidi yao.

Kwa hiyo mama anayeuza nyanya Kariakoo anaweza kujiweka daraja la 3 kwa ukweli kabisa, na awe amecheka na wenzake tangu alfajiri. Majibu yote mawili ni ya kweli, na moja halifuti jingine. Lile daraja la 3 linazungumzia maji, umbali wa hospitali, kijana wake aliyemaliza shule na hana kazi. Haifai kiongozi yeyote kulijibu kwa kusema "lakini wananchi wetu ni wachangamfu". Kiswahili chenyewe kilishatenganisha mambo haya kabla ya hizo ripoti: kuna furaha, kuna raha, kuna faraja, kuna kuridhika. Hakuna anayempelekea mfiwa furaha, tunampelekea faraja.

Dhana: Ukitaka amani ya moyo, jitenge na watu

Hii imeshika kasi mijini. Siku hizi mtu husifiwa kwa kuwa "hana mazoea", na geti hufungwa saa 12 jioni. Nawaelewa waliochoshwa na umbea, na kuna watu wa kukuumiza ambao ni halali kabisa kuwakimbia. Lakini ushahidi uko upande wa pili. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya wanaume, baadaye na familia zao, na utafiti huo umeendelea kwa zaidi ya miaka 80. Walichokiona tena na tena ni kwamba uhusiano mwema na watu ulikwenda pamoja na afya na furaha uzeeni.

Hata mgeni usiyemjua ana nafasi yake. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyoyafanya na abiria wa treni na mabasi huko Chicago. Abiria walibashiri kwamba kukaa kimya kungewapendeza kuliko kuongea na jirani wa kiti. Walioagizwa kuongea ndio waliofika wakiwa na furaha zaidi.

Nikisoma hayo huifikiria baraza ya Zanzibar: lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani, kwa ajili ya kukaa tu. Aliyejenga nyumba aliweka pale nafasi ya kahawa chungu, bao na mpita njia. Na salamu zetu ndefu, za kuuliza watoto, kazi, mgonjwa aliyekuwa hoi wiki iliyopita, ni baraza isiyohitaji mawe.

Dhana: Mwenye furaha hanuni

Hununa, hulia, hukasirika. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kuithamini furaha kupita kiasi kunaweza kumfanya mtu aione haba hata anapokuwa kwenye jambo zuri, kwa kuwa kila mara anajipima. Na nisisitize hili: sonona ni ugonjwa. Aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki kadhaa, hali wala halali vizuri, anahitaji kupelekwa hospitali. Kumwambia ashukuru Mungu kwa alichonacho ni kumwongezea mzigo wa aibu.

Dhana: Raha ndogondogo huja zenyewe

Huja, ila mara nyingi hazitukuti. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, katikati ya shughuli zao, wanafanya nini na wanawaza nini. Mwaka 2010 waliripoti kwamba karibu 47% ya majibu yalionyesha mtu akiwaza jambo jingine, na mawazo yakiwa mbali furaha ilikuwa ndogo.

Mama yangu mkubwa hutandika mkeka uani saa kumi na moja jioni, jua likishapungua, achambue mchele wa usiku. Ukifika hakuulizi kama una nafasi. Anasogea, anakupa ungo wako. Jioni moja nilimkuta hapo, simu yangu nilikuwa nimeiacha ndani ikichajiwa. Tulichambua mpaka mawe yakawa hayaonekani kwa giza, akinisimulia jinsi bibi alivyokataa mahari yake mara mbili, na mchele ukachelewa kuiva.