Je, wajua ni vipi mtu mmoja alipata medali za Olimpiki kwenye barafu na kwenye baiskeli katika mwaka mmoja?

Mwezi Februari 1988, katika jiji la Calgary nchini Kanada, Christa Rothenburger wa Ujerumani Mashariki alitwaa dhahabu ya mita 1,000 katika mbio za kuteleza kwenye barafu, siku chache baada ya kuikosa ile ya mita 500 kwa sehemu mbili za mia za sekunde, akiwa nyuma ya Bonnie Blair wa Marekani. Miezi saba baadaye alikuwa Seoul, Korea Kusini, akitumia jina la Luding-Rothenburger, na huko alipata medali ya fedha katika mbio fupi za baiskeli za uwanjani. Hakuna mwanamichezo mwingine aliyewahi kupata medali za Olimpiki ya majira ya baridi na ya kiangazi katika mwaka mmoja.

Kwa mtazamaji, michezo hii miwili haina undugu wowote: mmoja unataka baridi na chuma chembamba chini ya kiatu, mwingine unataka magurudumu. Undugu wao umo mapajani. Anayetaka kuuhisi na asimame, akunje magoti kama anayetaka kuikalia mbuzi ya kukunia nazi, ainamishe mgongo hadi ukaribie kulala, kisha abaki hivyo bila kukaa. Haitachukua muda mrefu kabla misuli ya mbele ya paja na ya makalio kuanza kuwaka moto. Mtelezaji hushindana akiwa katika mkao huo ili kupunguza ukinzani wa upepo na kupata nafasi ya kunyoosha mguu kwa nguvu, na mwendesha baiskeli naye huinama kwa sababu hiyo ya upepo huku akitumia misuli ileile kukandamiza pedali. Tofauti ni kwamba kwenye barafu mguu husukuma kuelekea pembeni, ilhali kwenye baiskeli husukuma kuelekea chini.

Ndiyo maana watelezaji wamezoea kufanya mazoezi ya baiskeli wakati wa kiangazi, barafu inapokosekana. Kocha wa Rothenburger, Ernst Luding, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, ndiye aliyemshauri mwaka 1980 kwamba baiskeli isiwe ya mazoezi tu, bali aishindanie. Mwaka 1986 akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli.

Hata hivyo, mapaja peke yake hayatoshi, na kwa maoni yangu fedha ya Seoul inastaajabisha kuliko dhahabu ya Calgary. Mtelezaji wa mita 500 au 1,000 hushindana na saa: hutoka kwa kasi yote aliyo nayo, na anayetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Mbio fupi za baiskeli ni mchezo wa kuviziana. Waendeshaji wawili, juu ya baiskeli zisizo na breki ambazo pedali zake haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka, huanza kwa mwendo wa kunyata, na pengine husimama kabisa wakijisawazisha bila kuweka mguu chini, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie. Aliye nyuma hukingwa upepo na wa mbele, kisha huchomoka dakika za mwisho, au tuseme sekunde za mwisho. Hapo mtu aliyelelewa na saa hulazimika kujifunza kumsoma mpinzani. Na katika fainali ya Seoul mpinzani huyo alikuwa Erika Salumäe, Mwestonia aliyeiwakilisha Sovieti, ambaye ndiye aliyechukua dhahabu.

Wengine wameipita njia hiyo kwa kasi ya pole. Clara Hughes wa Kanada alipata medali mbili za shaba za baiskeli mwaka 1996 huko Atlanta, na ya kwanza ya barafu mwaka 2002. Lakini kufanya hivyo ndani ya mwaka mmoja hakuwezekani tena kwa ratiba iliyopo, kwa kuwa tangu 1994 Olimpiki ya majira ya baridi hupangwa kufanyika miaka miwili kabla au baada ya ile ya kiangazi.