Ada ya Uhamisho si Mshahara: Pauni 1,000 za Alf Common

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, meza yetu hufurika malalamiko ya aina moja: klabu imelipwa fedha zote hizo, mbona mchezaji hajazipata? Wanaouliza wana nia njema. Ila tumelijibu swali hili hadi tumechoka, hivyo safari hii tuanzie kwenye faili la zamani.

Februari 1905 huko England, klabu ya Middlesbrough wakiwa wanaona dalili zote za kushuka daraja, walimsajili mshambuliaji Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000. Hapakuwa na mchezaji aliyewahi kufikia dau hilo. Wapo walionung'unika kwamba binadamu anauzwa mnadani kama ng'ombe. Kilichouzwa ni usajili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Klabu iliyoshika usajili wa mchezaji iliweza kumzuia hata mkataba wake ulipokwisha, na bila ridhaa ya klabu hiyo mchezaji hakucheza klabu nyingine yoyote ya ligi. Anayemtaka alilipa klabu. Mchezaji mwenyewe aliwekewa vikomo viwili: fedha ya kusaini isizidi pauni 10, na mshahara usizidi pauni 4 kwa wiki, kikomo kilichoanza msimu wa 1901/02. Pigeni hesabu: pauni 1,000 ni mshahara wa juu kabisa wa wiki 250. (Kwamba kanuni hiyo ilimbana mchezaji, hatubishi. Ila kubanwa ni jambo moja, na ada kwenda wapi ni jingine.)

Tahadhari pia na takwimu mnazorushiana. Mwaka 1904 Common alirudi Sunderland kutoka Sheffield United, alikotwaa Kombe la FA (chama cha soka cha England) la 1902, kwa pauni 520. Wengi huziandika zote kwa jina lake. Dau hilo lilijumuisha na kipa wa akiba, Albert Lewis.

Uwanjani alijibu mapema. Mechi yake ya kwanza ilikuwa ugenini, tena kwa Sheffield United hao hao. Middlesbrough walishinda 1-0 kwa penalti yake, ushindi wao wa kwanza ugenini baada ya karibu miaka miwili, na daraja hawakushuka. Alibaki hadi 1910, mabao 58 katika mechi 168 za ligi.

Kwenye adhabu tusomeni polepole, maana hapa ndipo viongozi wa klabu husinzia. FA ilikagua vitabu vya Middlesbrough ikakuta posho zilizolipwa kinyume cha kanuni: faini pauni 250, na wakurugenzi 11 kati ya 12 wakafungiwa. Dau la pauni 1,000 lenyewe halikuvunja kanuni yoyote. Januari 1908 uliwekwa ukomo wa ada, pauni 350. Haukudumu, ulifutwa baada ya miezi mitatu.

Common alimalizia Woolwich Arsenal na Preston North End, akastaafu 1914 na kuendesha baa huko Darlington. Arsenal walimchukua kwa pauni 100, wakamwachia kwa 250. Faida ya pauni 150 ilibaki klabuni, kama kanuni ilivyotaka.

Mwenye malalamiko alete nakala ya mkataba, yenye kurasa zote na sahihi za pande zote. Vipande vya magazeti hatuvipokei.